Nyembe za msumeno zinakatika ninapokata bamba jembamba la fedha

Mwanagenzi, Kibokoni
Assalaam aleikum, mafundi. Ninajifunza usonara hapa Mji wa Kale, na nimepewa kazi ya kukata kidani cha fedha chenye umbo la waridi nililolinakili kwenye nakshi za mlango mkongwe. Bamba lina unene wa milimita 0.5, nami natumia wembe namba 2 niliouziwa dukani. Jana asubuhi nilivunja nyembe tisa, karibu zote pale petali zinapokutana na msumeno unapotakiwa kugeuka. Hata kwenye mstari ulionyooka meno yanadunda juu ya fedha. Je, kosa ni la wembe au la mkono wangu?

Sonara, Ndia Kuu
Wa aleikum salaam, mwanangu. Anza na wembe. Namba 2 na namba 2/0 hufanana zikitamkwa haraka, lakini ni vitu viwili mbalimbali: 2/0, 4/0, hadi 8/0, wembe huzidi kuwa mwembamba na meno yake kusongamana, ilhali 1, 2, 3 na kuendelea huzidi unene. Sisi hupenda meno mawili au matatu yawe ndani ya unene wa bamba kwa pamoja. Bamba la nusu milimita ni vigumu kulitimizia hayo, lakini kwa namba 2 linatumbukia kabisa kati ya jino na jino, nalo jino linanasa. Huo ndio mdundo unaousikia. Tafuta 6/0, au 4/0 ukiikosa.

Meno yaelekee chini, upande wa mpini, kwa kuwa msumeno wetu hukata unapovutwa chini. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, ibane fremu kati ya kifua na ukingo wa meza ili ijikunje kidogo. Ukiiachilia itauvuta wembe, nao ukiuchapa kwa ukucha utalia kwa sauti nyembamba kama uzi wa udi. Ukilia kwa sauti nzito, umelegea.

Fundi wa vipuli, Likoni
Naafikiana na mzee wangu, ila naona mkono nao una sehemu yake, kwa sababu nyembe zinakatikia kwenye kona. Ukifika konani usiusukume msumeno mbele. Endelea kuupandisha na kuushusha papo hapo, huku mkono wa kushoto ukilizungusha bamba polepole mpaka wembe ujipatie nafasi ya kugeukia. Mpini ushikwe kwa wepesi, wembe usimame wima, na nta ya nyuki kidogo ipakwe mgongoni mwake. Kwa matundu ya ndani, toboa kwa keekee, fungua ncha moja ya wembe, upitishe tunduni, kisha ukaze upya. Tandika ngozi mapajani pia: unga wa fedha ni mali, mradi usichanganyike na wa shaba.

Mwanagenzi, Kibokoni
Shukrani sana, mzee wangu na dada yangu. Nimepata 6/0 na kujaribu kwanza kwenye kipande cha shaba cha unene uleule. Nimemaliza petali nne kwa wembe mmoja, nao ungali mzima. Kesho naingia kwenye fedha.