Mipapai heka moja: Malkia F1, Solo, au mbegu za kukamua mwenyewe?

Mchumi_Shamba: Wakuu salaam. Nataka kupanda mipapai heka moja kabla ya masika, nimekwama kwenye mbegu. Kuna Malkia F1 (chotara wa kizazi cha kwanza), kuna Solo Sunrise, na jirani ananishauri nikamue mbegu za papai zuri la sokoni nioteshe mwenyewe. Nichukue ipi?

Mama Tabu: Mwanangu, shamba liko wapi? Maji unayo? Unamuuzia nani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kijana wa Ruvu: Malkia, usihangaike. Matunda yanalingana, mnunuzi anabeba bila kuchambua.

Chavua: Yanalingana ukubwa na ladha, maana wazazi wa F1 wametunzwa kila mmoja kwenye ukoo wake. Jinsia ya mche ni habari nyingine. Mpapai wa jinsi mbili, yaani ua moja lina sehemu za kiume na za kike, ukijichavusha, kwa kila jike mmoja unapata wa jinsi mbili wawili, dume hakuna. Jike akichavushwa na dume, nusu ya miche ni madume ya kung'oa. Papai la sokoni hujui lilichavushwa na nani.

Mzee wa Kilosa: Sikilizeni yaliyonikuta. Nilinunua miche kwenye kitalu fulani, mwenyewe akaniapia ni F1. Ilikua vizuri, mashina manene. Kufika kwenye maua, mingi ikashusha mikonyo mirefu inayoning'inia, imejaa viua vidogo: madume, safu kwa safu. Iliyobaki, huu unazaa mviringo, ule mrefu kama mumunye, nyama hapa njano, pale nyekundu. Mnunuzi aliagiza nyekundu. Akapasua machache palepale shambani, akapanda gari lake akaondoka. Mbolea, vibarua, mafuta ya pampu, vyote vikapotea. Baadaye ndiyo nikaambiwa mbegu zilikamuliwa kwenye matunda ya F1. Kizazi cha pili hicho, kila mche na sura yake, na kwa madume yale lazima kuna matunda yaliyochavushwa na dume.

Kijana wa Ruvu: Pole sana mzee. Ndiyo maana nasema nunua pakiti iliyofungwa kiwandani.

Solo Damu: Na bei ya hiyo pakiti mbona hamuitaji? Solo unajizalishia mbegu. Chagua mti bora, funika ua la jinsi mbili kwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka, tunda likishika toa mfuko, weka alama. Solo iliingia Hawaii mwaka 1911 ikitokea Barbados, na ukoo wake umetunzwa kwa kujichavusha.

Kijana wa Ruvu: Vipapai vya nusu kilo? Mama wa Buguruni anataka tunda la kukata vipande auze kwenye sahani.

Solo Damu: Hoteli zinataka hilohilo dogo, mgeni mmoja nusu tunda. Wewe unamwona mteja wa Buguruni tu.

Mama Tabu: Hoteli zinachelewesha malipo, hilo nalo mlizungumze.

Chavua: Mbegu yoyote ya ukoo wa jinsi mbili utakayochukua, panda miche mitatu kila shimo. Maua yakitoka, bakiza mmoja wa jinsi mbili. Ua la jike ni nene chini, limechongoka juu, halina chavua. La jinsi mbili ni jembamba na lina vyote. Ila jua kali likikutana na ukame, hata la jinsi mbili hukosa kushika tunda.

Mchumi_Shamba: Ahsanteni sana. Shamba liko Mkuranga. Kisima kipo, ila maji yana chumvi kidogo.

Mzee wa Kilosa: Chumvi? Basi simamisha habari ya mbegu. Peleka maji yakapimwe kwanza, na utuambie udongo wako unatuamisha maji au la.

Kijana wa Ruvu: Solo Damu, hiyo mifuko ya karatasi unaipata wapi?