Mjadala: Miwa ni yangu, kwa nini mnunuzi nichaguliwe?

Mwanzisha mada, Kakamega: Hoja ya kugawa kanda za miwa haijawahi kulala huku magharibi mwa Kenya. Serikali ikichora mpaka na kusema miwa ya eneo hili ni ya kiwanda fulani, imeingilia uhuru wangu wa msingi au imepanga biashara tu? Miwa hukaa shambani mwaka na nusu. Ikishakatwa, kila siku inayolala kwenye trela ikingoja mizani, uzito unapungua, nasi hulipwa kwa tani. Mnunuzi akiwa mmoja na mashine zake zizimike, hasara ni yangu. Waulizeni waliotegemea kiwanda cha sukari cha Mumias hadi kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya madeni, mwaka 2019.

Chemelil: Ndugu, trekta, mbegu na mbolea vilitoka wapi? Kiwanda kimekopesha, kimengoja, kisha wiki ya kuvuna trela ya mwingine inaingia usiku. Huo ni wizi, usiupake rangi ya uhuru. Kikiibiwa hivyo mara mbili hakikopeshi tena, na mwenye ekari moja ndiye atakayekosa mbolea.

Mwanzisha mada: Deni lilipwe, sina ubishi. Robert Nozick, mtetezi mkali wa mali binafsi (1974), alishikilia kwamba mali ihame kwa hiari ya mwenyewe. Basi mkataba nilitia sahihi mimi. Mpaka wa ramani sikuutia. Niliyelima kwa pesa zangu nimefungwa kwa lipi?

Maseno: Mwanafalsafa John Rawls angekujibu kwamba mali ya binafsi ni uhuru wa msingi, ila kumiliki nyenzo za uzalishaji na kuuza bila kuingiliwa si vya msingi. Kwake bunge laweza kupanga soko, ilmuradi aliye chini kabisa anufaike. Mwanafalsafa mwingine, John Tomasi, alimpinga mwaka 2012: kwa mtu wa kawaida, kuuza na kumiliki ndiko kujiendeshea maisha. Katiba yetu nayo imeshika kotekote: kifungu cha 40 kinalinda mali, cha 66 kinaruhusu serikali kusimamia matumizi ya ardhi kwa sababu kama usalama na afya ya umma au mipango ya ardhi.

Butere: Nyinyi wa vitabu! Kanda zije, lakini kiwanda kisipokata kwa muda wa mkataba, miwa iwe huru. Na mizani isiwe ya kiwanda.

Chemelil: Na mkopo wa kiwanda cha kwanza?

Butere: Mnunuzi mpya aukate kwenye malipo yangu aupeleke huko. Makato si tumeyazoea?