Re: Majani ya holi yana madoa, nifanyeje?

Jamani habari zenu, naombeni msaada. Nyumba tuliyopanga ina miti ya holi (ile yenye majani ya miiba na tunda nyekundu) kwenye uzio, majani yamejaa madoa na mengine yanageuka njano yanadondoka. Jirani anasema ni ugonjwa nipige dawa, dawa yenyewe siijui.

---

Pole dada. Usipige dawa yoyote kwanza, chuma jani moja ulitazame kwenye mwanga, maana madoa ya holi yana sababu nyingi. Ukiona kijistari kilichojipinda cha njano au kahawia, kama kimevimba kidogo, kipasue kwa ukucha, utamkuta buu mdogo ndani. Huyo ni mtoto wa nzi anayetaga kwenye mshipa wa katikati kwa upande wa chini wa jani, buu akitoka anaingia ndani na kula humo humo winta nzima. Anaharibu sura tu, mti haufi kwa hilo, we chuma hayo majani utupe basi.

Vidoa vidogo vya kijivu vyenye ukingo wa zambarau mara nyingi hata si ugonjwa, ni upepo unapiga matawi, miiba ya jani moja inachoma la jirani yake.

Hiyo njano nayo, kama ni majani ya zamani ya ndani ndani na ni springi (majira ya kuchipua), achana nayo, holi hubadilisha majani yake wakati huo japo watu wanasema haipukutiki. Ila majani machanga yakiwa njano na mishipa imebaki kijani, udongo una chokaa nyingi na mti haupati madini ya chuma, holi inapenda udongo wenye asidi kidogo.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni madoa meusi yanayotokea wakati wa baridi na mvua, yanaanza matawi ya chini yanapanda juu, na vitawi navyo vinakuwa vyeusi. Huo ni ugonjwa kweli, Phytophthora ilicis, unasambazwa na maji yanayorukaruka. Subiri siku kavu, kata tawi mpaka ufike sehemu yenye afya isiyo na weusi, futa mkasi kwa spiriti kila ukihama tawi, okota yote yaliyodondoka na usiyatie kwenye mboji. Punguza matawi ya katikati hewa ipite, na ukimwagilia mwaga chini kwenye mizizi, usirushie majani maji.

---

Naongezea kidogo hapo. Kabla hujakata mtumie mwenye nyumba picha na umwandikie, asije akadai umemharibia uzio. Angalia pia kama kuna ndege ametaga humo. Vaa glavu nene, jani kavu la holi linachoma kuliko bichi, na zile tunda nyekundu fagia zote kama una watoto wadogo, wakila wanatapika na kuharisha.

---

Asanteni sana. Nimepasua jani, buu yumo! Sipigi dawa, kesho naanza kuchuma.