Mvua ikianza dishi linakata: tupeane uzoefu

Kaskazi
Wakuu, masika ndiyo hayo, maswali ni yale yale. Naanza. Mawimbi ya Ku, yaani bendi ya madishi madogo ya nyumbani (10.7 hadi 12.75 GHz), yana urefu wa kama sentimita 2.5, na tone nene la mvua lina milimita kadhaa, kwa hiyo linayanyonya na kuyatawanya. Kwenye 12 GHz, mvua ya milimita 50 kwa saa hula takriban desibeli 2 (kipimo cha nguvu ya mawimbi kupungua au kuongezeka) kila kilomita. Bendi ya C (4 GHz) hupita karibu bila kuguswa. Ndiyo maana yale madishi makubwa ya wavu hayana habari na mvua.

FundiPaa
Angalieni na mwinuko. Mvua yetu huanzia kama kilomita 5 juu, na dishi likilala zaidi mawimbi hupita mvuani safari ndefu zaidi. Kwa Dar, dishi la satelaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki linatazama karibu utosini, nyuzi 81. La nyuzi 7 Mashariki limeinuka 52 tu, tena kuelekea magharibi. Wingu likitanda upande huo picha inaganda, na uani kwako nguo zimeanikwa juani!

Waya Mweusi
Kabla ya kulaumu mvua, soma king'amuzi: vipimo vya nguvu na ubora wa mawimbi. Nguvu ipo, ubora unashuka, kisha unarudi mvua ikipungua: hiyo ni mvua kweli. Mvua imekatika saa nzima na ubora bado sifuri? Maji yameingia kwenye konekta. Kata waya sentimita 10 au zaidi, mpaka shaba ing'ae, funga konekta mpya, zungushia tepu ya mpira, na waya uuache ukining'inia kitanzi chini ya LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ili maji yadondoke hapo.

Mpemba_78
Nikitoka sentimita 60 kwenda 90 itasaidia?

FundiPaa
Unapata desibeli 3.5 zaidi. Mvua ya wastani utaivuka, ya radi hapana. Ila dishi la 90 halisamehe, likipinda kidogo tu faida yote imekwenda. Litege siku kavu, fuata ubora, si nguvu, kisha zungusha LNB taratibu mpaka ubora ugote. Mvua ikinyesha usiliguse.

Kaskazi
Halafu baada ya tarehe 20 Machi, ikikata dakika chache mchana kweupe siku kadhaa mfululizo, jua limepita nyuma ya satelaiti. Kwa Dar, nyuzi 36 ni kama saa saba kasorobo, nyuzi 7 saa tisa alasiri. Spana iache kabatini.