Taa zinazojishusha zenyewe usiku: ni mbovu au ndivyo zilivyo?

Mwanairinga_TZ:
Wakuu, habari za usiku. Gari nililoagiza Japani lina taa zinazopanda fulu (mwanga mkali wa mbali) na kushuka dimu (mwanga wa chini) zenyewe. Natumia sana barabara ya Moro–Iringa usiku. Pale Mikumi kwenye tambarare hazina shida. Nikianza kupanda mlima Kitonga wenye kona kali ndipo mambo yanaharibika: lori linaibuka konani, mimi bado niko fulu, dereva ananimulika na honi juu. Mara nyingine zinashuka na mbele hakuna gari. Fundi anasema nibadilishe sensa. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, maana kumpofusha dereva wa semi kwenye mteremko ule ni kucheza na roho za watu.

FundiUmeme:
Usinunue kitu kwanza. Juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile cha kutazamia nyuma, kuna kamera. Inatafuta mwanga tu: taa nyeupe za anayekuja na nyekundu za aliye mbele yako. Konani lori limefichwa na mlima, kwa hiyo kamera inangoja taa zenyewe zitokeze. Wewe umeshaona mwanga wake ukitambaa kwenye mwamba kitambo. Hapo shusha mwenyewe, usiisubiri.

Kushuka bila gari mbele mara nyingi ni vibao vya barabarani vinavyorudisha mwanga, au taa za mitaani. Na magari mengi hayapandishi fulu mpaka uvuke kilomita 30 au 40 kwa saa, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori linalojivuta utaona dimu tu.

Mama Safari:
Mdogo wangu, mimi hofu yangu ni vijijini. Mtembea kwa miguu, baiskeli, bodaboda isiyo na taa: hao kamera haina habari nao, inawamulika usoni fulu. Hata trela lenye taa za nyuma zilizojaa tope inaweza isilione. Nikikaribia makazi nazima otomatiki kabisa.

Kijana wa Gereji:
Je, kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa? Kikibadilishwa, kamera inatakiwa ipimwe na kupangwa upya kwa mashine. Tazama pia kama kuna tinti, stika au ufa mbele yake.

Msomaji wa Magari:
Nyongeza: wazo hili ni la zamani, General Motors walikuwa na Autronic Eye tangu 1952. Kuna aina nyingine, kama ya Audi A8 ya 2013, inayofunika kipande cha mwanga kinachomwangukia mwenzako na kuacha kwingine fulu. Mkuu, yako ni ya kupanda na kushuka tu, usiidai zaidi ya hapo.

Mwanairinga_TZ:
Asanteni sana. Nimetoka kuangalia na tochi: kuna mkanda wa tinti umekatiza nusu ya kamera. Kesho unabanduliwa. Kitonga nitashusha kwa mkono. Sensa sinunui.