Tupeane uzoefu: mkate wa chachu na wa makaa hapa Nairobi

MwokajiSouthB
Wadau, uzi huu ni wa wanaooka nyumbani kwa mikono yao, kwa makaa au kwa chachu ya kufuga (unga na maji vinavyochachuka vyenyewe, badala ya hamira ya dukani). Toa vipimo, useme kinachoharibika na kwa nini.

Naanza na hamira. Vipimo vingi vya vitabuni viliandikiwa watu wa nchi za chini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo gesi ya hamira hutanuka upesi. Punguza hamira kwa robo hivi: unga gramu 500, hamira kavu gramu 5 badala ya 7, chumvi gramu 10, maji mililita 320. Unga ukiwa mkavu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja hadi 340. Kanda dakika 10 hadi 12, kisha vuta kipande taratibu. Kikitanuka mpaka mwanga upenye bila kuchanika, inatosha.

Kuumuka usikupime kwa saa. Bonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi papo hapo, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, oka. Likibaki vilevile, donge limepitiliza na mkate utanywea motoni. Liponde utoe hewa, liunde upya, usubiri tena.

ChachuYaKawangware
Chachu haihitaji kitu cha dukani ila unga. Changanya atta (unga wa ngano usiokobolewa) gramu 50 na maji gramu 50 kwenye chupa ya kioo, funika bila kukaza. Maji ya mfereji yachemshe kwanza yapoe, maana dawa iliyomo inachelewesha chachu. Kila siku bakisha gramu 50, mengine toa, kisha tia unga 50 na maji 50.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: siku ya pili au ya tatu chupa inafura kwa nguvu na kunuka vibaya, halafu inatulia kabisa. Ule mfuro wa kwanza si chachu, ni bakteria wengine, na ukali ukipanda wanakufa. Jameni, msiimwage! Endelea kuilisha. Iko tayari inapofura maradufu ndani ya saa 4 hadi 8 baada ya kulishwa, na kurudia hivyo siku inayofuata. Kwa unga gramu 500 tumia chachu gramu 100, maji 310, chumvi 10. Maji ya kijivu yakielea juu, ina njaa tu, ilishe. Ikiota manyoya au ikiwa na rangi ya waridi, tupa yote na uoshe chupa.

Juni hadi Agosti usiku wetu ni baridi. Ingiza chupa kwenye hotpoti pamoja na kikombe cha maji moto, ufunike.

FundiJiko
Kwa wasio na oveni: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa kiasi cha sentimita 2 chini, na vijiwe vitatu vya kukalisha kopo la mkate. Mchanga unasambaza moto, na pia unalinda sufuria isiyeyuke kitako. Mfuniko uwe bapa ili ubebe makaa.

Siri iko kwenye mgawanyo wa makaa: theluthi chini, theluthi mbili juu. Watu hufanya kinyume, wakapata mkate ulioungua chini na mweupe juu. Pasha moto dakika 20 kabla ya kuingiza mkate. Kujua kama umefika, nyunyiza unga kidogo kwenye kibati, ukiweke ndani. Ukigeuka kahawia kwa dakika moja hivi, sawa. Ukiwa mweusi mara moja, punguza makaa.

Mkate wa nusu kilo huchukua dakika 35 hadi 45. Dakika 20 za kwanza usifunue. Na makaa yawe nje au barazani, tafadhali, kamwe si chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

BintiMtwapa
Msisahau mkate wa kumimina. Mchele vikombe 2 uloweke usiku kucha, uchuje, usage na tui zito kikombe 1 na robo, sukari robo tatu kikombe, iliki nusu kijiko cha chai na hamira kijiko kimoja cha chai. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chenga. Uache uumuke.

Kosa kubwa ni tui jepesi au maji mengi: mchele unazama na kufanya tabaka gumu chini. Uji wake uwe mzito wa kumiminika polepole. Pasha sufuria yenye mafuta kwanza, mimina, oka kwa makaa ya chini tu, moto wa wastani, mpaka vitundu vitokee juu, ndipo uweke makaa kwenye mfuniko. Na nazi zinazofika Nairobi, nyingine ni za zamani. Itikise, usiposikia maji, iache hapo sokoni.

Nyokabi_Umoja
Wangu juu umeiva vizuri, lakini katikati unanata kisu. Shida ni hamira?

FundiJiko
Dada, hamira haina kosa. Ama makaa ya juu yamekuwa makali, ganda likakauka kabla ndani hakujaiva, ama unaukata ukiwa moto. Utoe kwenye kopo, ugonge kitako: ukilia kama ngoma umeiva, sauti ikiwa nzito, urudishe dakika 8 bila kopo, makaa ya juu yakiwa yamepunguzwa nusu. Kisha uweke juu ya wavu saa nzima. Mvuke uliobaki ndani ungali unauivisha.