Mrejesho: Kuhamisha taarifa za mpiga kura kutoka Morogoro hadi Temeke

Ndugu zangu, niliuliza kama kadi ya mpiga kura niliyoipata Morogoro ingeniwezesha kumchagua diwani na mbunge wa Temeke ninakoishi sasa. Mlionijibu kwamba ni lazima kwanza nihamishe taarifa mlikuwa sahihi, na ninawashukuru sana. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilipoboreshwa Dar es Salaam Machi 2025, nilikwenda kituoni na kadi ya zamani nikapewa mpya. Ningependa vijana waelewe vyema kwamba orodha iliyotumika katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ilikuwa daftari jingine kabisa, kwa hiyo kujiandikisha huko hakukumwingiza mtu katika Daftari la Kudumu. Kuhusu wagombea, nilianza na wa udiwani, nikiwauliza kuhusu mifereji ya mtaa wetu.